Kidumu cha Njano na Mchezo wa Papa Marcellin

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya shule, Wivine alisimama mlangoni pa nyumba ya jibini ya Burungu akinusa maziwa. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Wafugaji walishuka kutoka vilimani mmoja mmoja, makopo yao ya alumini vichwani, na kila kopo lilipofunguliwa Wivine aliinama, akavuta pumzi, akasema, "Iko muzuri." Hapo tu ndipo maziwa yalipomiminwa kwenye kitambaa cha kuchujia. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na pua yake ilisifiwa kijiji kizima. Angeweza kukwambia kama kopo lilisuguliwa kwa haraka, au kama maziwa ya jana jioni yalichanganywa na ya leo. Maziwa mabaya yalirudi na mwenyewe, na hakuna aliyebishana.

Baba yake, Papa Marcellin, ndiye aliyekuwa mtengenezaji wa jibini. Wafugaji walimweka kazini kupitia kamati yao, nao walimpa nyumba ya vyumba viwili ubavuni mwa ile ya jibini ili alale karibu na kazi. Mama yake Wivine alikuwa Goma akimuuguza bibi, na tangu vita vifunge barabara hakuweza kurudi. Walibaki wawili, baba na binti.

Jibini, kama hujui, ni kazi ya kungoja. Ukishapasha maziwa moto kidogo unatia dawa ya kuyagandisha, kisha unakaa. Dakika arobaini usiguse, usitikise, usiondoke. Ukikata mapema yanavunjikavunjika, ukichelewa yanakuwa magumu. Mtengenezaji aliyemtangulia Papa Marcellin alizitumia dakika hizo kwenda kwa jirani kuonja kasiksi, ile pombe ya ndizi, na mara nyingi dakika zake arobaini zilikuwa na saa mbili ndani yake. Papa Marcellin hakuwa mtu wa kasiksi. Yeye alikaa kwenye kigoda kando ya sufuria kubwa, akatoa mfukoni mashine ndogo ya mchezo wa video, ukubwa wa kitabu cha sala, akacheza.

Ulikuwa mchezo wa vitofali vinavyoanguka kutoka juu. Unavigeuza, unavipanga, mstari ukijaa unafutika, na mashine inalia "tii". Aliinunua Goma mwaka ule walipokimbilia huko, na betri zake zilipochoka alizianika juani juu ya bati ili zipate nguvu ya siku moja zaidi. Alipofuta mistari minne kwa pigo moja alicheka peke yake. Mtu mzima, mwenye mvi mbili tatu kidevuni, anacheka na mashine!

Kijiji nacho kina macho. Wengine walisema akili ya Papa Marcellin ilibaki Goma wakati wa ukimbizi. Wengine walisema mwanamume anayecheza kama mtoto hawezi kulea mtoto. Lisemwalo lipo, waliongeza, na kama halipo laja. Shuleni watoto walimwita Wivine "mutoto wa Papa Jeu", kwa kuwa jeu kwa Kifaransa ni mchezo. Jina lile lilimchoma. Siku moja mwenzake wa darasa, Trésor, alipita na kusikia "tii" dirishani, akauliza ni nini. Wivine alijibu kwamba ni kitu cha binamu yake aliyetoka Goma kuwatembelea. Hakukuwa na binamu yeyote.

Ajabu ni kwamba kila alasiri Papa Théogène, mwenyekiti wa kamati, alikaa na wenzake barazani pa nyumba ya kusagia mahindi wakicheza igisoro, yaani bao la huko. Walihamisha mbegu kutoka shimo hadi shimo la ule ubao, wakabishana, wakapigana vijembe, mpaka ng'ombe wakarudi kutoka malishoni. Hakuna aliyesema kwamba wao ni watoto. Igisoro waliachiwa na mababu, na ubao wake haulii "tii".

Sasa ikatokea hivi. Siku ya Jumanne, baada ya siku mbili za milio ya bunduki usiku upande wa pili wa mlima, maziwa yalikuja machache na kwa kuchelewa. Wa mwisho kufika alikuwa Tuyizere, msichana aliyekaa dawati moja na Wivine. Miguu yake ilijaa matope hadi magotini, maana alizunguka kwa njia ya juu kukwepa kizuizi cha watu wenye silaha. Kichwani hakuwa na kopo la alumini. Alikuwa na kidumu cha plastiki, cha njano.

Sheria ya kamati ilikuwa wazi: maziwa hayaletwi katika kidumu cha plastiki, kwa kuwa plastiki hushika harufu ya kila kilichokaa ndani yake. Wivine alifungua mfuniko akainama. Maziwa yalinukia vizuri. Lakini nyuma ya harufu ya maziwa, mbali kidogo, kulikuwa na harufu nyingine, kali na tamu. Aliijua mara moja. Ilikuwa ya kasiksi.

Tuyizere alimtazama usoni, akaelewa. "Tuliosha mara tatu, Wivine," akasema kwa sauti ndogo. "Kopo yetu, watu wa bunduki waliikamata mu njia. Mama hana ingine. Ukikatala, nitamwanga yote hapa, na nimetoka nyumbani giza ingali."

Wivine aligeuka kumtafuta baba yake. Alimsikia nyuma ya nyumba akipasua kuni. Angeweza kumwita. Lakini alijua baba yake angesema hapana, tena kwa upole, jambo ambalo lingekuwa baya zaidi. Alimhurumia rafiki yake, na kengele ilikuwa karibu kulia. Akainua kidumu, akamimina. Ni kidumu kimoja tu kati ya makopo kumi na saba, alijiambia, kisha akakimbia shule.

Siku ya Alhamisi jibini zote kumi na nane za Jumanne zilikuwa zimevimba kama maandazi. Moja ilipasuka, na ndani ilijaa matundu. Bahati mbaya, siku hiyohiyo barabara ilifunguliwa kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu, na lori la Mama Kaswera likafika. Mama Kaswera alikuwa mfanyabiashara wa kutoka Butembo, mwenye duka Kitchanga, na ndiye aliyepeleka jibini za Burungu mpaka Goma. Aliziangalia zile zilizovimba, akaangalia na zile nzuri zilizokuwa juu ya mbao, akakataa kupakia hata moja. Alisema hawezi kuwalisha watu wa Goma ugonjwa. Angerudi Jumatatu, na kama hakuna atakayemweleza kilichoharibu jibini, asingojewe tena.

Papa Théogène alifika mbio. Jicho lake halikutua kwanza kwenye jibini. Lilitua kwenye kigoda, mahali mashine ya mchezo ilipokuwa imelala.

"Muntu mukubwa anachezaka jeu kama mutoto, na maziwa inaharibika mbele ya macho yake," alisema. "Tutafute sababu gani ingine?"

Watu waliokuwa mlangoni walitikisa vichwa. Walikuwa wakiingojea siku hiyo. Papa Théogène alitangaza mkutano wa Jumapili baada ya misa. Kama sababu nyingine haitapatikana, Papa Marcellin angetoka kazini, na kwa kuwa nyumba ilikuwa ya kazi, angetoka na nyumbani pia.

Jioni ile Papa Marcellin alikagua kila kitu. Alionja chumvi, akanusa dawa ya kugandisha, akachunguza kitambaa uzi kwa uzi. Mwishoni akamwita binti yake na kumuuliza kama Jumanne alinusa makopo yote.

"Nilinusa yote, papa," Wivine alijibu.

Na kweli aliyanusa yote. Hapakuwa na neno la uongo katika jibu lile, na ulikuwa uongo mkubwa kuliko wote aliowahi kusema. Baba yake aliitikia kwa kichwa, kwa kuwa aliiamini pua ile, akarudi kutafuta kosa lake mwenyewe.

Ijumaa Wivine aliona jambo lililomuumiza zaidi ya matusi yote ya shuleni. Baba yake alikaa kwenye kigoda mikono mitupu. Mashine ilikuwa imefungwa katika kitambaa, imewekwa juu ya kabati. Aliitazama sufuria, akasimama, akaenda mlangoni, akarudi. Hakuweza kutulia. Mwisho alikata maziwa kabla ya wakati, yakavunjika, na bonge likawa dogo.

"Pengine wanasema kweli," alisema bila kumtazama binti yake. "Pengine Jumanne nilicheza sana, nikasahau kitu. Mi sikumbuki, lakini batu wote hawawezi kukosea."

Wivine alijifanya anafagia ili asionekane akilia. Kusingiziwa na watu ni jambo baya. Lakini baba yake sasa alikuwa anajisingizia mwenyewe, na aliyempa sababu ni yeye, binti yake. Alielewa pia kwa nini uongo wake ulikuwa rahisi hivyo. Hakuhitaji kumtaja baba yake kabisa. Watu walikuwa wamekwisha kumhukumu zamani kwa sababu ya mchezo ule, yeye alinyamaza tu na kuwaacha waendelee.

Jumamosi alimtafuta Tuyizere na kumwambia kwamba kesho atasema. Tuyizere aliinamisha kichwa. Wakijua, alisema, watamfukuza mama yake katika kamati, na maziwa yao yatanywewa na nani? Wivine alisema tu kwamba hataki kufukuzisha mtu, ila hawezi kumwacha baba yake abebe mzigo usio wake. Waliachana bila kuagana, na usiku huo alikula viazi viwili tu.

Jumapili baada ya misa watu walijaa uani pa nyumba ya jibini. Papa Théogène alizungumza kwa kirefu. Aliwakumbusha kwamba vita vimekula ng'ombe wao na mashamba yao, na kwamba jibini ndiyo iliyobaki. Haifai, alisema, kuiweka mikononi mwa mtu asiyeacha utoto. Papa Marcellin alisimama. Mkononi alikuwa na ile mashine ndani ya kitambaa, tayari kuikabidhi mbele ya wote.

Kabla hajafungua mdomo, Wivine alipita katikati ya watu wazima.

"Si papa," alisema. "Jumanne kulikuwa bidon moja ya plastiki. Ilinuka kasiksi. Nilisikia harufu, na nilimwanga ndani ya maziwa. Sikumwambia papa. Aliniuliza, na sikumwambia."

Kisha Papa Théogène akatabasamu kwa huruma, tabasamu la mtu aliyekwisha kuamua. Akasema ni mtoto mzuri, anamtetea mzazi wake, wala asilaumiwe. Watu wakaguna kukubali. Wivine alikuwa amesema kweli, na kweli yake haikupata mahali pa kukaa, kwa kuwa uongo ulikuwa umekwisha kukalia kiti chote.

Hapo sauti ya mwanamke ikatoka nyuma. Alikuwa Mama Mukamurenzi, mama yake Tuyizere, na mkononi alishika kidumu cha njano. Tuyizere alikuwa kando yake, macho mekundu.

"Musikatale neno ya mutoto," alisema. "Bidon njo hii. Nusa mwenyewe, Papa Théogène."

Papa Théogène alinusa. Akanusa tena. Kidumu kilioshwa mara tatu, kikaanikwa siku tano, na bado kilinuka kasiksi. Alikipitisha kwa wenzake, na kila pua ilipotoka mdomoni pa kidumu kile, mwenyewe alitazama chini. Wote walijua kinachotokea kitu kikiwekwa karibu na kasiksi, maana hivyo ndivyo wanavyoiumua ndizi kila msimu. Chachu iliyobaki katika plastiki iliumua na maziwa. Hakuna asiyelijua jambo hilo, ila hakuna aliyelifikiria, kwa sababu mchezo ulikuwa karibu zaidi kulaumiwa.

Mama Mukamurenzi alieleza jinsi kopo lake lilivyonyang'anywa, na jinsi alivyoona haya kuomba jingine. Kisha akaongeza, "Na mchezo, sikilizeni. Papa Marcellin anacheza akiwa amekaa karibu na kazi yake. Ninyi wa igisoro munachezaka tangu saa saba mpaka jua inashuka, na siku ile ng'ombe waliingia mu maharagi yangu, nani alikuwa anawalinda?"

Kicheko kilipasuka, na aliyecheka mwisho alikuwa Papa Théogène mwenyewe, akijikuna kisogo. Ng'ombe wale walikuwa wake.

Watu walipotulia, Papa Marcellin alizungumza kwa sauti yake ya kawaida.

"Nilitaka kuwapa sababu," alisema. "Nilitaka kusema mchezo unanisaidia kungoya maziwa ishike, na ni kweli unanisaidia. Lakini hata kama haunisaidii, mi naupenda. Kazi yangu naifanya kwanza, mutoto wangu anakula, simuibii muntu. Vita ilitunyanganya vitu mingi. Hii kidogo ninayopenda, sioni haya nayo tena."

Papa Théogène alisimama, na sasa hakuwa na tabasamu. Alikiri kwamba alitafuta kosa mahali alipotaka kulipata, si mahali lilipokuwa. Akaomba radhi mbele ya wote. Mama Mukamurenzi hakufukuzwa. Kamati ilimwazima kopo la zamani lililokuwa stoo, ikaweka na kanuni mpya: mtu akinyang'anywa chombo njiani, aseme bila haya apewe kingine, na kila chombo kikishamiminwa kipitishwe maji yanayochemka kabla ya kurudi nyumbani. Kesho yake Mama Kaswera alielezwa yote. Alinusa kidumu, akakunja uso, akapakia jibini nzuri zote.

Wivine hakuponyoka. Adhabu yake ilikuwa kusugua mbao zote za jibini kila alasiri kwa mwezi mzima. Siku ya kwanza baba yake alimkuta amelowa maji ya chumvi mpaka kwenye viwiko, akaketi karibu naye.

"Pua yako ilifanya kazi yake," alimwambia. "Ilikuwa mudomo njo ilikosa. Kumuhurumia Tuyizere haikuwa kosa. Ungeniita, tungetafuta njia pamoja. Ukificha kitu kidogo, muntu mwingine anakuja kukibeba, na kwake kinakuwa kizito."

Wivine akamwambia lililobaki moyoni: kwamba alimwonea haya, na kwamba alimdanganya Trésor kuhusu binamu. Baba yake hakukasirika. Alishika brashi ya pili, akaanza kusugua naye.

"Batu walinicheka kwa sababu hawajazoea kuona muntu mukubwa na kitu kama hiki," alisema. "Kitu kigeni kinachekwa. Lakini muntu unamupima kwa kazi yake na kwa ukweli wake, haumupimi kwa kitu inamufurahisha akipumuzika. Kama ningeacha maziwa ili nicheze, hapo ungekuwa na haki ya kuona haya, na mi pia."

Asubuhi ya siku iliyofuata Wivine alikuwa mlangoni kama kawaida. Ndani, maji ya kuoshea makopo yalikuwa bado kuchemka, na Papa Marcellin alikuwa amekaa kwenye kigoda chake. Trésor alifika na kopo la bibi yake kichwani. Akasikia "tii", akacheka chinichini, akauliza kama yule binamu wa Goma bado yupo.

"Sina binamu Goma," Wivine alisema. "Nilikudanganya. Yule ni papa, iko anacheza. Anangoya maji ichemke."

Kisha akafungua kopo la Trésor, akainama, akavuta pumzi. Alimpenda Trésor, na kengele ilikuwa karibu kulia.

"Hii ni ya jana," akasema, akalirudisha.